Usuhuba wa Maneno: Kiingereza Kifunzwavyo Nyansiongo

Mtoto aliyelelewa Nyansiongo, katika Borabu ya kaunti ya Nyamira, huijua chai kabla ya kuijua kalamu. Huwaona wazazi wakichuma majani mawili na chipukizi, na jioni huinywa ikiwa imekolea barabara. Hata hivyo, mwambie aieleze chai hiyo kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Ekegusii na Kiswahili. Atasita. Waingereza huiita "strong tea", yaani chai yenye nguvu. Mwanafunzi mwerevu akiona kwamba "powerful" nalo lina maana hiyo, ataandika "powerful tea", na kalamu nyekundu itapita hapo. Mwanaisimu M. A. K. Halliday aliutumia mfano huuhuu mwaka 1966: chai huandamana na neno la kwanza, gari huandamana na la pili, ingawa maana zakaribiana.

Mimi mwenyewe, nikiwa kidato cha pili, niliandika "do a mistake" na "drink medicine" katika insha moja. Mwalimu alipiga mistari, akaandika pembeni kwamba sarufi yangu ni mbovu. Hakunitendea haki. Kiima, kitenzi na yambwa vilikuwa mahali pake. Nilichokosa ni kujua usuhuba wa maneno: nilifikiri kwa "kufanya kosa" na "kunywa dawa", ilhali wenye lugha yao husema "make a mistake" na "take medicine". Mazoezi ya nyakati niliyopewa kama tiba hayakutibu kitu.

Hasara yake si ndogo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina kifungu chenye mapengo 10 kwa alama 10, na aghalabu anayelijaza pengo ni yule ajuaye neno lipi huandamana na lipi.

Kwa maoni yangu, tiba imo mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi huyo hupiga pasi, hupiga simu, hupiga magoti na hupiga chafya. Watu wazima hupiga kura, tena bila rungu (ingawa misimu mingine ya uchaguzi hututia shaka). Hukata tikiti, rufaa na tamaa. Mwulize kwa nini hatusemi "kupasua tamaa", naye atacheka. Somo lianzie kwenye kicheko hicho. Ataelewa kuwa Kiingereza nacho kina ndoa zake, mathalani "pay attention", "catch a cold" na "heavy rain", na kwamba hizo huandikwa daftarini kwa jozi, si neno mojamoja.

Wapo watakaosema kwamba chama cha Kiswahili hakina haja na Kiingereza. Nawapinga. Asiyeutambua mpaka huu huvusha makosa pande zote mbili, na ndiye anayetuandikia kwamba mkutano "ulichukua nafasi" ukumbini, badala ya kufanyika.

Wenzetu watakaokwenda mazoezi ya kufundisha, nawasihi waketi na mwalimu wa Kiingereza wa darasa lilelile, madaftari ya masomo yote mawili yakiwa mezani, wasahihishe pamoja walau insha kumi.