Nyayo Haziponyi Figo

Wapo wanaodai kwamba kubonyeza nyayo nyumbani kunatibu figo na ini. Si kweli. Ramani inayohusisha sehemu za unyayo na viungo vya mwili ilienezwa Marekani na Eunice Ingham miaka ya 1930, akiendeleza mawazo ya daktari William Fitzgerald, na hakuna mshipa maalumu uliothibitishwa kuunganisha unyayo na figo.

Hata hivyo, mama anayepanda kutoka bandari ya Moba hadi Kirungu na mzigo kichwani anastahili beseni la maji ya vuguvugu, mafuta kidogo na mikono ya kumkanda. Misuli italegea, usingizi utakuja. Hilo ni jambo kubwa, halihitaji kuongezewa uongo.

Lakini mwenye kisukari na ganzi miguuni akibonyezwa badala ya kutibiwa, anaweza kukatwa mguu. Na mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto, usikandwe: huenda damu imeganda ndani. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.