Bawabu na Ukuta
Wiki hii nimelisoma tena jibu ambalo Kanisa Anglikana la Uingereza liliipa serikali ya David Cameron Juni 2012, likipinga mpango wa kuhalalisha ndoa za jinsia moja. Hoja yao ni kwamba ndoa, kwa asili yake, ni ya mume na mke. Babu yangu, mzee wa kanisa, angetia saini bila hata kutafuta miwani. Kilichonishangaza ni kwamba sheria iliyopitishwa hatimaye 2013 iliwapa maaskofu ulinzi wa kupindukia: hakuna kasisi wao anayeruhusiwa kufungisha ndoa hizo kanisani, hata akitaka. Basi ugomvi ulikuwa juu ya ndoa za bomani. Na hizo Waingereza wanazo tangu 1837. Siku hizi sheria hairuhusu hata ibada ndani yake. Ukuta ukianguka, bawabu hulinda nini? Imani yao naiheshimu, na kanisani mwao ni haki yao kuishika. Ila ndoa ya serikali walikuwa wanaidai kama mali yao wakati ilishawatoka mikononi enzi za mababu zao. Nao wabunge walipoupigia kura muswada wake mara ya kwanza, 400 waliunga mkono na 175 walipinga.