Umelipia Mbili Unapewa Moja: Nyingine Kala Nani?

Kijana wa mjini, hebu nikuulize. Ukienda buchani ukalipia kilo mbili za nyama, ukafika nyumbani mama akaiweka kwenye mizani ikasoma kilo moja kasoro, utafanya nini? Utarudi kumkaba muuza nyama? Au kwanza utaangalia kama njiani ulibeba paka kwenye kikapu?

Nyama ninayoizungumzia leo ni intaneti. Na paka wapo, tena wengi, na wengine umewanunua mwenyewe kwa fedha yako dukani ukawabeba kwa furaha!

Mdogo wangu yuko Marekani. Anafanya kazi za ghala usiku, mchana analala, na katikati hapo anacheza gemu kama vijana wote. Mwaka jana alichukua kifurushi cha gigabiti 2 kwa sekunde. Usishangae, wenzetu huko wameshafika. Ufaransa walianza kutangaziwa gigabiti 8 za majumbani mwaka 2018, na Uswisi kampuni moja ilianza kuuza gigabiti 25 mwaka 2021. Gigabiti 25 sebuleni! Mimi hapa nikipata megabiti 25 zisizokatika naita watoto waje waone.

Basi dogo kalipia mbili, kachomeka waya kwenye laptopu, kapima. Megabiti 940. Karudia: 938. Kazima ruta, kawasha, kapima tena: 941. Kapiga simu kwa watoa huduma wake. Unajua aliambiwa nini? Aliambiwa kifurushi chake "hakitoshelezi matumizi", apande hadi gigabiti 5!

Hapo ndipo damu iliponichemka. Maana mtu yeyote aliyewahi kushika waya wa mtandao, akisikia namba 940, anajua ugonjwa bila kumgusa mgonjwa. Dogo angepanda hadi 5 angepata 940. Angepanda hadi 10 angepata 940 ile ile, bili ikiongezeka kila mwezi.

Kwa nini 940? Sikiliza vizuri, ndugu yangu, maana namba hii ni kama alama ya kidole. Tundu la mtandao la gigabiti 1 haliwezi kukupa megabiti 1,000 za mzigo. Data hutumwa kwa vifurushi vidogo vidogo, na kila kifurushi kina anwani yake, lakiri yake na nafasi ya kupumua kabla ya kinachofuata. Katika kila baiti 1,538 zinazopita wayani, mzigo wako wewe ni baiti 1,448 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ni asilimia 94. Kwa hiyo ukiona 940 imetulia palepale, asubuhi, mchana na jioni, jua kwamba mahali fulani kati ya ukuta na kompyuta yako kuna tundu la gigabiti 1 linalokaba koo. Mtandao ukizidiwa na watu namba huruka: sasa 1,400, jioni 600. Haikai 940 kama askari wa gwaride.

Nikamwambia geuza ruta, soma nyuma. Akasoma. Tundu la kuingilia: gigabiti 2.5. Matundu manne ya kutolea: gigabiti 1 kila moja. Umeona mchezo? Mlango wa mbele wa hoteli, milango ya vyumba kama ya banda la kuku! Na ruta hiyo hakupewa, aliinunua mwenyewe, na boksi limeandikwa 6000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni.

Hilo boksi nalo tuliongelee, maana vijana wengi mnaingizwa mjini hapo. Ile 6000 haimaanishi kasi utakayoipata kwenye kifaa chochote duniani. Ni jumla. Wamechukua redio moja yenye 1,148, wakachukua redio ya pili yenye 4,804, wakajumlisha, wakakuta 5,952, halafu wakaona aibu ya kuacha isiwe namba ya duara. Ni sawa na kukuuzia basi kwa kusema linakwenda kilomita 600 kwa saa kwa sababu lina magurudumu sita na kila moja lina uwezo wa 100. Simu yako ina antena mbili. Kwenye njia ya kawaida ya Wi-Fi 6 itaandika imeunganishwa kwa 1,201, na ukipima utapata theluthi mbili ya hapo, tena ukikaa chumba kimoja na ruta. Njia ikipanuliwa maradufu utaona imeandika 2,402, lakini simu nyingi haziwezi njia hiyo pana, na ukuta mmoja wa tofali unatosha kukurudisha ulikotoka. Ndiyo maana nasema anayepima kifurushi kikubwa kwa simu akiwa kitandani anapima ukuta wake.

Tuendelee na dogo. Akarudisha ile ruta, akachukua nyingine yenye matundu mawili ya 2.5. Akapima: 940. Safari hii mkosaji alikuwa laptopu, tundu lake lenyewe ni la gigabiti 1. Akanunua adapta ya 2.5 inayochomekwa kwenye USB. Akapima: 320! Dogo nusura alie, ametumia fedha ili arudi nyuma. Nikamuuliza, umechomeka tundu lipi la USB? La zamani, lililo upande wa kulia. Basi hilo ni USB 2, na mwisho wake ni megabiti 480 kwenye karatasi, 300 na kitu kwa hali halisi. Kahamishia upande wa pili, ikaruka hadi 1,300.

Afadhali. Lakini alilipia 2,000, siyo 1,300. Zilizobaki ziko wapi?

Hapa paka wa mwisho alikuwa mjanja kuliko wote, maana haonekani kwa macho. Ndani ya ruta mlikuwa na kipengele cha kuipa gemu kipaumbele, na dogo alikiwasha siku ya kwanza kabisa kwa sababu kiliitwa jina tamu. Ruta za majumbani hufikia kasi kubwa kwa kutumia saketi maalumu inayopitisha data bila kuisumbua akili kuu ya ruta. Ukiwasha kipaumbele, au ulinzi unaokagua kila kifurushi, au hesabu ya nani katumia kiasi gani, mara nyingi ile njia ya mkato inafungwa na kila kitu kinapita kwenye akili kuu, ambayo haina ubavu huo. Kwa hiyo kipengele cha kuharakisha gemu ndicho kilichokuwa kinakaba mtandao mzima. Akakizima. Ikapiga 2,000 na ushee.

Na waya? Waya aliutupia lawama tangu siku ya kwanza, akataka kununua mpya wa bei mbaya wenye maandishi ya dhahabu. Nilimkataza. Waya wa Cat5e ulioungwa vizuri unapitisha 2.5 hadi mita 100, kiwango hicho kilipitishwa mwaka 2016. Hao wanaokuambia bila waya wa dhahabu hupati kitu wana watoto wa kusomesha, waelewe, lakini usiwape hela yako. Ukifika gigabiti 10 na mita nyingi, hapo ndipo utafute Cat6a.

Sasa najua unasema: Mzee, hayo ni ya Marekani, mimi niko Sinza, au Eastleigh, au Tudor, nina kifurushi cha megabiti 200, yananihusu nini? Yanakuhusu sana! Ugonjwa wako ni uleule, umekatwa sifuri moja tu. Ukilipia 200 ukapata 94, na ikabaki 94 siku nzima, basi kuna tundu au waya unaofanya kazi kwa megabiti 100. Waya wa mtandao una nyuzi nane. Kasi ya gigabiti inazitaka zote nane, lakini kasi ya megabiti 100 inatosheka na nne. Ukatike uzi mmoja, au panya autafune, na vifaa havitakupigia kelele: vitashuka kimyakimya hadi 100 na maisha yataendelea. Kuna mafundi kabisa, nimewaona kwa macho yangu, wanagawa waya mmoja kuhudumia kompyuta mbili, nne huku nne kule, wanakulipisha kana kwamba wamevuta miwili. Halafu wewe unawatukana watoa huduma miezi sita.

Lakini usije ukadhani nimekodishwa na makampuni kuja kuwasafisha. Thubutu! Nayo yana paka wao. Faiba inayoingia kwako siyo yako peke yako. Katika mfumo wa GPON, ambao umeenea sana, uzi mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 za kushuka, na uzi huo hugawanywa kwa nyumba nyingi, 32 ni jambo la kawaida. Asubuhi watu wakiwa kazini utapaa. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukifungulia mpira, fanya hesabu. Anayekuuzia gigabiti 2 juu ya uzi kama huo anakuuzia karibu bomba zima, na majirani zako wameshauziwa bomba hilohilo. Ndiyo sababu wanaouza kasi hizo kwa ukweli wamehamia mfumo wa XGS-PON wenye gigabiti 10.

Na silaha yao kuu ni neno moja lenye herufi nne: "hadi". Kasi hadi 2,000! Hata sifuri imo ndani ya hadi. Uingereza walichoka, na tangu Mei 2018 tangazo linatakiwa kutaja kasi ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati wa msongamano. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2015 kwamba mkataba wa intaneti ya nyumbani useme kasi ya chini kabisa, ya kawaida, ya juu na ile iliyotangazwa. Marekani makampuni makubwa yalitakiwa kuanzia Aprili 2024 kuonyesha lebo yenye kasi ya kawaida, mfano wa ile ya kwenye pakiti ya maziwa.

Ila Wajerumani ndio walionifurahisha. Tangu Desemba 2021 mteja wa kule akipewa pungufu anaruhusiwa kisheria kupunguza malipo, au kuvunja mkataba. Lakini lazima alete ushahidi: vipimo 30, katika siku tatu tofauti, na vipimwe kwa waya. Umesikia? Kwa waya! Kwa sababu sheria haitaki kusikiliza habari za simu yako na ukuta wako. Sheria kama hiyo naitaka hapa kesho asubuhi. Na ningeongeza kifungu cha maboksi ya ruta, maana hao wa 6000 nao wanastahili.

Sheria isipokuwapo, kilichobaki ni wewe na daftari lako. Chomoa vyote, zima Wi-Fi, kompyuta moja, waya mmoja mfupi moja kwa moja kwenye kifaa walichokufungia. Pima. Angalia kompyuta yenyewe inasema imeunganishwa kwa kasi gani, kabla hujauliza intaneti ina kasi gani, maana kama imeunganishwa kwa 100 huna kesi. Tumia seva ya karibu, siyo ya bara jingine. Pima asubuhi, pima saa tatu usiku, andika tarehe. Kisha rudisha ruta yako, pima tena palepale. Namba ikishuka, mwizi yuko ndani na unamlisha mwenyewe. Namba ikiwa mbovu tangu mwanzo, kwa waya, usiku na mchana, hapo sasa piga simu, tena piga kwa sauti, uwasomee daftari ukurasa kwa ukurasa.

Na wakikuambia upande kifurushi, waulize swali moja tu: nikipanda, namba hii itabadilika kwa sababu ipi? Dogo aliwauliza hivyo. Alisubirishwa na muziki dakika ishirini, kisha simu ikakatika.

Kwa taarifa yako, alikaa na zile gigabiti 2 kwa mwezi mmoja tu. Aligundua kwamba kasi hiyo ni megabaiti 250 kila sekunde, na diski ya zamani anayohifadhia gemu zake haiwezi kuandika hata 200. Sinema kali kabisa kwenye televisheni yake inakula megabiti 25 hivi. Akarudi kwenye kifurushi cha gigabiti 1, na sasa anapata 940 yake, raha mustarehe.

Wewe je, unapata ngapi? Kapime leo usiku. Na ukikuta 94, usinitafute mimi. Shika plagi ya waya wako, igeuze kwenye mwanga, hesabu nyuzi. Ziwe nane.