Diploma yetu si zawadi



Sisi tuliomaliza université na hatuna kazi, tunawaona wenzetu wa architecture wakikesha juu ya dosie za master za Ulaya. Wanapanga portfolio, wanachagua michoro yao bora, wanaandika barua ya motivation. Michoro iko mizuri. Mara mingi kinachowaangusha si mukono wao, ni karatasi.

Université ya nje inaomba diploma na releve za miaka yote. Hapa kwetu mutu anamaliza, anangoja diploma miaka, na kila akienda apparitorat anaambiwa: rudia kesho. Kisha karatasi inapashwa kufika Kinshasa, ipate sahihi ya wizara ya mambo ya inje. Toka Goma ao Bukavu, hiyo ni ndege, na ndege ni dola.

Franga nazo hazingoje. Uni-assist, inayopokea dosie za université mingi za Ujerumani, inaomba euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Banki za Goma zilifunga milango Januari 2025: mutoto wa Goma alipe na kadi gani? Na kama hana bourse, kwa viza ataonesha euro 11.904 za mwaka mumoja.

Kwa hiyo tafuteni bourse kwanza. Erasmus Mundus inatoa euro 1.400 kila mwezi. ARES ya Ubelgiji na DAAD ya Ujerumani zinapokea Wakongomani. Andikeni wazi miaka muliyosoma: licence ya zamani ilikuja kisha miaka 5, ile ya LMD ni miaka 3. Asiyejua tofauti anaweza kukukatia miaka 2. Na asiwadanganye mutu anayeuza bourse: bourse ya kweli haiuzwe.

Kuna wanaosema: juu ya nini kuwasaidia, hawatarudia. Francis Kéré wa Burkina Faso alisomea Berlin. Alikuwa angali mwanafunzi wakati masomo ya kijiji chake, Gando, yalijengwa kwa matofali ya udongo, na wanakijiji wenyewe wakiwa wajenzi. Ilikuwa 2001. Mwaka 2022 akapata Pritzker, Mwafrika wa kwanza. Mji wetu, uliochomwa na Nyiragongo 2002, na pembeni yake tena 2021, haustahili watu kama yeye?

Tunaomba mambo matatu. Diploma na releve zitolewe ndani ya siku 30 kisha proclamation. Sahihi za wizara zipatikane mu kila provense. Bei ya kila karatasi ibandikwe ukutani, na kila franga iwe na risiti.

Na wewe unayengoja: usirudie kesho na mikono mitupu. Andika barua, omba accusé de réception, chunga kopi. Barua moja wanaweza kuitupa. Barua mia moja, siku moja, mulango mumoja, watazisoma. Tulilipa minerval. Tunadai kilicho chetu.