Tumbawe la Malindi Lakumbuka Joto la Bahari

Mto Nairobi unaopita karibu na Kariokor huingia Mto Athi, ambao huitwa Sabaki unapofika baharini karibu na Malindi. Huko kuna shahidi wa kale: tumbawe.

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe tu. La hasha! Hujengwa na viumbe wadogo wanaoongeza tabaka la chokaa kila mwaka, mfano wa miviringo ya kisiki cha mti. Maji yakipata joto, oksijeni iliyo nzito hupungua katika chokaa hiyo, yakipoa, huongezeka. Kwa kupima tabaka hizo, wanasayansi walisoma hali ya bahari ya Malindi tangu 1801 hadi 1994, wakatangaza matokeo mwaka 2000. Bahari imezidi kupata joto, tena hufuata mienendo ya El Niño kutoka Pasifiki.

Mwaka 1998 joto lilipita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Tumbawe likifa, haliandiki tena.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akizuru Malindi na shule, mwonye: asivunje tumbawe kuwa zawadi.