Shamba lililopumzishwa si pori



Ukitoka Musoma kwenda Butiama, au ukipita vijiji vya Bunda, utaona vipande vya ardhi visivyolimwa mwaka huu. Mgeni huviita pori. Mwenyeji anajua ni shamba la nani, lilipandwa muhogo au ulezi lini, na litarudiwa lini. Kwa sasa mbuzi wanakula humo na akina mama wanaokota kuni.

Mambo ya Walawi sura ya 25 inaamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba. Kutoka 23 inataja sababu ambayo mahubiri yetu huiruka: maskini wapate kula humo, na kitakachobaki kiliwe na wanyama. Basi shamba lililopumzika lina kazi, tena lina wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipofafanua ardhi ya jumla, iliingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inamlinda mwanakijiji vizuri zaidi, lakini neno "isiyotumika" linanitia hofu. Nani anaamua kwamba ardhi haitumiki? Mwenye mbuzi, au mwenye ramani?

Kule Borneo, Wadayaki wamelima mpunga wa milimani kwa desturi kama hii ya kulima na kupumzisha. Vichaka vyao vikahesabiwa ardhi tupu, vikagawiwa kampuni za michikichi. Wapo ambao leo ni vibarua katika ardhi ya babu zao.

Hapa Mara pamba hulimwa zaidi na wakulima wadogo, nayo imesomesha watoto wengi, sitaisema vibaya. (Ila pamba haipikwi. Bei ikianguka ndipo mtu hukumbuka mtama alioacha kupanda.) Wala mwekezaji si shetani. Ninachokataa ni Mkristo kusaini kwamba ardhi ya jirani yake haina mtu, huku akijua inaye.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama ambaye hakukosa misa, alilipinga jambo hili mapema. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza watu wamilikishwe ardhi moja kwa moja na kuweza kuiuza, aliandika kwamba katika nchi ya maskini, wachache wenye fedha wataichukua yote.

Ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano mkuu wa kijiji, na kila mtu mzima ana haki ya kuingia. Nasi hatuendi. Tunajaa kwenye jumuiya na kwaya, mkutano tunawaachia wachache, kisha muhtasari unatushangaza. Ukiitishwa mwingine, nenda. Omba muhtasari usomwe kwa sauti, na kama shamba la mjane limeandikwa pori, sema palepale, kabla muhuri haujagongwa.