Baba wa Shirazi na Mama wa Pwani

Darsa yetu ya mwezi huu ni juu ya nasaba.

Alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma hapa Usagara, Tanga, uso umemshuka. Akasema: "Maalim, posa yangu imerudishwa. Ami yake binti asema wao ni Washirazi, wazee wao wamezikwa Tongoni, na mimi asili yangu ni bara. Nasikia siku hizi vinasaba hupimwa. Je, nikapime? Huenda nami nikatoka Mshirazi."

Nikamwambia: Kaa kitako, usikie kwanza vipimo hivyo vimesema nini.

Magofu ya Tongoni twayajua, kusini ya mji wetu: msikiti mkongwe na makaburi yenye nguzo. Wenyeji wamepokea kwa wazee kuwa waliojenga huko ni Washirazi, na tarikhi ya kale ya Kilwa yasema hivyo hivyo juu ya masultani wake. Walikuwako wataalamu walioyaona hayo kuwa ni maneno ya kujikweza tu. Kisha mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, baina ya miaka 1250 na 1800. Tongoni haikuwamo, lakini habari za miji hii zafanana.

Ifahamike kwamba iko sehemu ya vinasaba ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake tu, na baba kwa babu, mpaka juu. Iko na nyingine ambayo kila mtu huirithi kwa mama yake tu. Ilipotazamwa ile ya baba, nyingi zilielekea Uajemi na nchi za jirani yake. Ilipotazamwa ile ya mama, karibu zote zilikuwa za Afrika. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000, na damu ya Uarabuni ikazidi baada ya mwaka 1500.

Basi wazee hawakusema uwongo, illa walisimulia nusu ya habari. Wageni walioa hapa, na watoto wakalelewa kwa lugha ya mama zao. Ndiyo sababu neno nanga na neno bandari yametoka kwa Waajemi, lakini maji, moto, nyumba na mtoto ni maneno ya Kibantu.

Tena tufanye hesabu. Ukipanda vizazi 10, una nafasi 1,024 za wazee. Anayejifakhari kwa ubaba mtupu ashika mmoja, na 1,023 awaacha nje ya mlango, na mama yake mzazi ni mlango wa nusu yao.

Najua vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vimetaja nasaba katika kafaa. Lakini hiyo ni haki ya binti na walii wake, nao waweza kuisamehe. Fatima binti Qays alikuwa Mkureshi, na Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama, mwana wa Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzo hakupenda, kisha akaona kheri nyingi katika ndoa ile. Na katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, Mola wetu ametufahamisha kuwa makabila ni ya kujuana, na mbora wetu mbele yake ni mwenye kumcha zaidi.

Nikamwambia kijana: Usiende kupima. Ukipima ili upate cheo, umeikubali mizani ya ami. Mwambie akuulize Swala yako, kazi yako na ulimi wako.

Nanyi wazazi, wasomesheni watoto majina ya babu zao, kwani kuijua nasaba ni katika kuunga udugu. Ila mkifika mwisho wa orodha, anzeni tena, muwataje na mabibi.